Mashine Nne za Shangazi

Chumba cha Shangazi, Mungu amrehemu, kilikuwa sehemu ya chini ya nyumba ya ghorofa moja, ubavuni mwa kinyozi. Mtu akiingia kutoka juani ilimbidi asimame kidogo mlangoni mpaka macho yazoee. Hapo ndipo mashine zilipojitokeza moja moja kwenye kiza chepesi cha mle ndani, kama watu waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza kwa kumwona mgeni. Zilikuwa kompyuta nne. Hakuna mbili zilizotoka kampuni moja, na hakuna iliyofanana na mwenzake kwa rangi wala kwa umbo.

Iliyokaa karibu na mlango ilikuwa kongwe, nene, rangi ya maziwa yaliyochacha, na kibodi yake ilikuwa na vitufe virefu vigumu vilivyolia ko, ko, ko. Hiyo ilikuwa ya kuandikia tu. Haikuwahi kuunganishwa na mtandao hata siku moja, ndiyo maana walimu wakuu wa shule tatu walimletea mitihani yao bila wasiwasi. Ya pili, yenye kioo kipana, ilikuwa ya picha na kadi, kwa sababu wekundu wake ulikuwa wekundu wa kweli na nyuso za watu hazikugeuka majivu. Ya tatu ilikuwa nyepesi, kona zimebonyea, inakaa na chaji kutwa nzima. Hiyo aliibeba begani kwenda kwa wale wasioweza kuja kwake. Ya nne haikuonekana. Ilikaa ndani ya kabati la nguo, katikati ya mablanketi, kwa kuwa haikuwa na feni na haikutoa hata pumzi. Hiyo ilikuwa ya sauti. Mtu aliyetaka kurekodi kitu alikaa kitini akiinamia kabatini kama anayewasimulia mashuka siri.

Hakuzipa majina. Alizipa kazi.

"Mama Herufi," kinyozi alipenda kumchokoza kutoka mlangoni, taulo begani, "mimi mke mmoja tu ananishinda. Wewe hizo nne unazimudu vipi?"

"Mkeo unamtuma apike, afue, alee, auze, halafu unashangaa amechoka," Shangazi alijibu bila kuinua macho. "Zangu kila moja ina kazi yake. Wewe wembe wako wa ndevu unakatia mkate?"

"Thubutu!"

"Haya, basi niache nichape."

Wengi walimjia kabla ya kununua kompyuta zao. Walitaka jina la kampuni tu, kama mtu anavyotaka jina la dawa. Shangazi hakuwahi kuwatajia. Aliwauliza, "Unakwenda kufanyia nini?" Mteja akibabaika, akisema mambo mengi mengi, alimwambia arudi nyumbani akakae siku mbili ajitazame, aone mikono yake inafanya nini kutwa. Wapo waliokasirika. Wapo waliorudi.

Kwake jambo hilo lilikuwa karibu na ibada. Aliamini Mungu mwenyewe ndiye aliyeanza, kwamba jicho hakulipa kazi ya kusikia, wala sikio hakulilaumu kwa kutoona. Asubuhi, kabla ya kuwasha umeme, alisimama katikati ya chumba akaomba kimya kimya, na waliomkuta wakati huo walisema alionekana kama mtu aliyelala wima.

Kaka yake alikuwa mtu wa namna nyingine. Watu wote walimwita Mwalimu, hata mkewe. Mwalimu alikuwa mtu wa kampuni moja. Redio yake, pasi yake, jokofu, runinga, saa ya ukutani, vyote vilikuwa na nembo ile ile ya pembetatu ya bluu. Hata kompyuta yake, nyembamba kama sinia, yenye kung'aa, ilikuwa ya pembetatu ya bluu. Pasi ilipomuunguzia shati alililaumu shati.

"Mimi na hawa tumetoka mbali," alimwambia dada yake. "Wewe huna msimamo. Kila kampuni umeigusa."

"Kaka, mimi nachagua chombo. Wewe umefunga ndoa."

"Na ndoa yangu ina heshima!"

Wakacheka, kwa kuwa walipendana, na kila mmoja akabaki na lake.

Kisha mwezi wa nne, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikampata Mwalimu. Alirudi kutoka hospitali akiwa amepoteza nguvu za mkono wa kulia, na maneno. Yalimbakia macho yake yale yale ya kukagua madaftari, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na sauti moja tu: "Ha!" Alisema "Ha!" akiwa na njaa, na "Ha!" akiwa amechukizwa, na mkewe akajifunza kuzitofautisha.

Binti yao alikuwa muuguzi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea utunzaji wa watoto wachanga katika nchi ya mbali, miaka mitatu, na siku ya kuondoka ilikuwa imepangwa kabla baba hajaugua. Sasa zilibaki wiki mbili. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusafiri bila Mwalimu kusimama mlangoni, kumwekea mkono kichwani na kumbariki kwa sauti, maneno yasikike mpaka barabarani.

"Siendi," binti alimwambia mama yake jikoni. "Mama, siendi bila kusikia sauti ya baba. Nitaandika barua nafasi wampe mwingine."

"Punguza sauti."

"Hata akisikia. Siendi."

Alisikia. Ukuta ulikuwa mwembamba. Shangazi, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda chake, aliona kidole kile kimoja kikianza kupiga godoro, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Siku hiyo hiyo Mwalimu aliashiria aletewe kompyuta yake ya pembetatu ya bluu. Waliiweka mapajani mwake. Vitufe vyake vilikuwa bapa, laini kama kioo, na kidole kiliteleza. Alikusudia kuandika neno, kioo kikajaa m m m m m m kutoka upande hadi upande. Akajaribu tena. Akajaribu mpaka jasho likamtoka. Mkewe alipotaka kuiondoa alisema "Ha!" kwa ukali, akaikumbatia kwa mkono mzima.

"Mwache, wifi," mkewe alimnong'oneza Shangazi. "Alianza kuipenda kampuni ile kabla hajanipenda mimi."

Shangazi akaenda kwake akaleta ile ya tatu, nyepesi. Ilikuwa na picha za kugusa: kikombe, mto, dirisha, na ukigusa, mashine husema. Alikuwa na uhakika kabisa. Mtu amekosa sauti, basi mletee mashine ya kusema. Kazi imepata chombo chake. Akamshika kaka yake kidole, akakigusisha kwenye kikombe.

"Ninaomba maji," ikasema mashine, kwa sauti ya mwanamke kijana, mchangamfu kama mtangazaji wa sabuni.

Mwalimu aliitazama. Kisha akageuza uso ukutani, akabaki hivyo mpaka jua likahama dirishani.

Shangazi alirudi nyumbani kwa miguu, mashine begani, na njiani hakumwitikia mtu salamu. Alikuwa ameona aibu ya mtu aliyekosea kwenye kazi yake mwenyewe. Miaka yote hiyo aliwauliza wageni, wenye maduka, wanafunzi, watu asiowajua, na kaka yake wa tumbo moja hakumuuliza.

Kesho yake alifika mikono mitupu. Akaketi kitandani.

"Kaka," akasema, "nisamehe. Jana nilikuletea mdomo wa mtu. Sasa nakuuliza kama ninavyowauliza wateja, na sina haraka. Unataka kufanya nini?"

Mwalimu alimtazama. Kisha akainua mkono wa kushoto, akausimamisha hewani, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyepiga magoti. Hapakuwa na mtu. Kiganja kilikaa pale juu ya hewa tupu, kimeiinamia kidogo, na Shangazi akaelewa.

Kaka yake hakutaka kusema. Alitaka kubariki, kwa maneno yake, na kwa sauti yake.

Ile kongwe ya karibu na mlango ilifika nyumbani kwa Mwalimu juu ya mkokoteni, kinyozi akiusukuma.

"Mama Herufi, hii ni kompyuta au jiwe la msingi?"

"Sukuma, baba. Thawabu hazina uzito."

Waliiweka mezani mbele ya kiti cha mgonjwa. Mwalimu akaikagua: rangi ile, unene ule, na hakuna pembetatu ya bluu popote. Akaisukuma kwa kiwiko. Shangazi alikuwa amelijua hilo tangu njiani. Kwenye droo yake kulikuwa na nembo ya bluu iliyobanduka kwenye redio ya mteja, na ingemchukua nukta moja kuibandika. Lakini aliona kumdanganya mgonjwa kwa gundi ni dhambi, tena dhambi ya kijinga.

"Kaka, ile yako haina tundu la kuchomeka kibodi kama hii, nimeshatazama. Iweke pembeni ikuchezee nyimbo, maana kwa nyimbo haina mpinzani, nakiri. Hii haiombi uipende. Inaomba uibonyeze tu."

Alikichukua kidole chake akakiweka juu ya kitufe. Kitufe kilikuwa na shimo dogo katikati, lililochongwa na miaka ya vidole vya Shangazi mwenyewe, na kidole cha Mwalimu kikatulia humo kama yai kwenye kiota. Akabonyeza. Ko. Kilikataa kushuka mpaka akitake kweli, na kiliposhuka mkono ulijua. Herufi moja tu ikatokea kwenye kioo. Moja.

"Ha," alisema Mwalimu, na hiyo mkewe hakuwahi kuisikia.

Aliandika siku nne. Nyumba yote iliishi ndani ya mlio ule. Watu walitembea polepole, sufuria ziliwekwa chini kwa adabu. Siku ya nne kulikuwa na mistari hii:

Nenda, mwanangu. Mungu atatangulia mbele yako. Mikono yako iwe na upole kwa wagonjwa. Usiogope. Nyumba iko hapa.

Shangazi akaichapa kwenye karatasi, akaikunja, akaenda kufungua kabati la nguo.

Kwa miaka kumi na minne Mwalimu alikuwa akija Jumatano mbili za kila mwezi kurekodi masomo ya imla kwa ajili ya shule zisizo na walimu wa kutosha. Aliketi pale akiwasomea mashuka sentensi polepole, akitaja na alama, na watoto asiowaona wakaziandika kwenye madarasa asiyoyajua. Masomo yote yalikuwemo kwenye mashine ya nne, zaidi ya mia tatu. Maneno aliyoyaandika kwa kidole yalikuwa yamelala humo mahali, yamesemwa zamani kwa kinywa kizima.

Kabla hajaanza, Shangazi alikaa na shaka. Je, huku si kumwekea mtu maneno mdomoni? Aliomba, kisha akajijibu mwenyewe: maneno kayachagua yeye, herufi kwa herufi, na sauti Mungu alimpa yeye. Mimi nakusanya tu kilichotawanyika.

Akavaa visikilizi, akafumba macho.

Kwa siku tatu zilizofuata, alisema baadaye, hakuwa na hakika kama alikuwa macho. Sauti ya kaka yake ilikuja kutoka mbali na karibu kwa pamoja. Somo moja lilikuwa na mvua nyuma yake, mvua iliyokwisha kunyesha miaka tisa iliyopita, na alipolisikia alitaka kwenda kuanua nguo. Jingine lilikuwa na kikohozi cha mama yao, ambaye alikuwa amekuja kutembea siku ile na sasa yuko mbele ya haki. Mara akajisikia mwenyewe, kijana, akisema, "Rudia, Kaka, umemeza neno," na Mwalimu akijibu, "Sikumeza, nilionja tu." Alicheka peke yake kabatini. Jua liliingia, likavuka sakafu, likatoka, naye alikuwa bado anafuata ile sauti kama mtu anayemfuata nduguye kwenye ukungu, anamsikia ila hamwoni.

Akaokota. "Nenda" alilipata kwenye Nenda sokoni ukanunue chaki. "Mungu" lilikuwa kwenye somo la shukrani. "Atatangulia" lilikuwa la nahodha wa timu ya mpira, na "mbele yako" la kuvuka barabara. "Mikono yako" alilitoa kwenye sentensi ya kunawa kwa sabuni. "Iwe na" kwenye Kila sentensi iwe na kitenzi. "Upole" alilichukua kwa kobe mmoja aliyemjibu sungura. "Usiogope" lilikuwa zima, la mtoto na mbwa. Ramani iko hapa ikampa mwisho.

"Mwanangu" hakulipata.

Alisikiliza masomo yote mia tatu na kitu. Kulikuwa na watoto, wanafunzi, mtoto wa jirani, vijana wa kijiji cha pili. Darasani Mwalimu hakuwa na mwanangu. Siku ya mwisho alijaribu kushona vipande, huku "mwana" kutoka "mwanafunzi", kule mkia wa "changu", na kilichotoka kilikuwa kama mbuzi mwenye mafua. Alikifuta haraka, akiomba radhi.

Ijumaa mchana alikwenda akamwambia ukweli.

"Kaka, neno moja halimo. Mengine yote yamo. Nimeacha nafasi mahali pake. Sikutaka kulitafutia neno jingine, maana hukuandika jingine."

Mwalimu alifumba macho. Shangazi akakaa pale akihesabu pumzi za kaka yake zinavyopanda na kushuka, akarudi kuirefusha ile nafasi iwe ya pumzi nne.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa nje, mlango wake wazi. Masanduku hayakuwa yameingizwa. Binti alikuwa amevaa nguo za kawaida, si za safari, na barua ya kukataa nafasi ilikuwa imekunjwa mkononi mwake. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti, mlangoni, pale alipozoea kusimama. Shangazi aliweka mashine ya nne juu ya kigoda.

"Piga magoti, mama," alimwambia binti. "Usiulize kitu."

Akapiga magoti. Mkewe Mwalimu akausaidia mkono wa kushoto kupanda, na kiganja kikatua kwenye nywele. Shangazi akabonyeza.

"Nenda," ilisema sauti ya Mwalimu, nzima, ya darasani, na nyuma yake mvua ya zamani ikanyesha kwa kitambo kidogo.

Binti alishtuka, akataka kuinua kichwa. Mkono ukamzuia.

Kisha kukawa kimya. Mashine ile haikuwa na feni. Palipokuwa hapana sauti hapakuwa na kitu kabisa. Midomo ya Mwalimu ilianza kutafuta. Ilifunga, ikafunguka. Shingo ikamkakamaa. Pumzi moja ikapita, na ya pili, na ya tatu. Mkewe aliziba mdomo wake mwenyewe kwa ncha ya kitambaa.

"Mwa," alisema Mwalimu. "Mwa... na..."

Pumzi nne hazikutosha. Mashine ikaendelea, "Mungu atatangulia mbele yako," na yeye alikuwa bado hajamaliza, kwa hiyo sauti zake mbili zikapishana pale mlangoni, moja ikitangulia, nyingine ikijikokota nyuma yake na silabi ya mwisho: "...u." Lilikuwa neno ambalo yeye mwenyewe, kwenye daftari la mtoto, angelipigia mstari mwekundu. Binti alilisikia lote.

"Mikono yako iwe na upole kwa wagonjwa. Usiogope. Nyumba iko hapa." Na mwishoni, kwa sababu Shangazi hakuwa na moyo wa kuikata, "Nukta."

Binti aliangua kicheko na kilio pamoja, paji la uso kwenye goti la baba yake, na mkono haukuondoka kichwani mpaka ulipochoka wenyewe.

"Ameshasema nukta," mama yake alisema, akijipangusa. "Kwenye nyumba hii baada ya nukta hakuna anayeongeza neno. Nenda kabadilishe nguo, gari linasubiri."

Alibadilisha. Barua aliichana vipande, akavitia mfukoni mwa Shangazi kama anayemlipa. Masanduku yaliingia. Gari liliondoka polepole, mkono mmoja ukipunga dirishani mpaka kona.

Shangazi alikuwa bado barabarani, akitazama vumbi likishuka, aliposikia ko, ko, ko kutoka ndani. Aliingia. Mwalimu alikuwa ameshasogezwa mezani, kompyuta ya pembetatu ya bluu kando yake ikimwimbia taratibu, na kwenye kioo cha ile kongwe alikuwa ameandika: HII IBAKI.

"Kaka! Na mitihani ya watu nichapie wapi?"

Mwalimu hakugeuka. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza mstari wa pili, na mstari ulianza na jina la binti yake.